Kilichokuwa Chini ya Ganda

Maalim Shaibu alifika kituoni saa mbili asubuhi, jua likiwa limeanza kuingia vizuri dirishani, nami nikifuta vumbi kwenye kioo cha hadubini. Mkononi alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kipande cha kanga. Alisimama nalo mlangoni mpaka nilipomwonyesha mahali pa kuliweka, kisha akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akaivaa tena.

Alisema hana haraka. Nilimwamini. Kwa miaka kumi na tisa Maalim hakuwa na kazi ya kumharakisha. Kabla ya hapo alikuwa ndiye mchinjaji wa mji wetu mdogo wa Mkurumo, huku kwenye makorongo ya Kondoa, na mbuzi wa Mwislamu na ng'ombe wa Mkristo wote walipita mikononi mwake. Halafu mvua zilikatika miaka minne mfululizo, malisho yakaisha, mifugo ikayafuata, na mahali pake ikaletwa minofu, viumbe vya kupandwa vinavyoota nyama ndani ya ganda. Mnofu hauchinjwi. Umeandikwa katika Daftari la Mimea, na mmea hukatwa tu, kama mtu anavyochuma mchicha bustanini.

Aliyeuandika humo ni mimi.

Alinieleza kilichomleta, polepole, akirudi nyuma kila mara kurekebisha neno. Jumapili alikwenda shambani kumsaidia binti yake, ambaye mkono unamuuma, kukata pande la wiki. Kabla ya kukata aliweka kiganja cha kushoto juu ya mnofu. Hakukusudia. Ni mazoea ya zamani, ya kumtuliza mbuzi. Na chini ya kiganja alihisi kitu.

Nilimwuliza kama mnofu ulijikunja.

"Haukujikunja," alisema. "Ulingoja."

Kisha akafafanua. Mbuzi anayejua kisu kipo, hata kama hajakiona, nyama yake hukaza chini ya mkono kabla hujafanya lolote. Ukiwa umechinja miaka arobaini unaitambua hali hiyo ukiwa umefumba macho. Alikuwa ameihisi Jumapili, akakata hata hivyo kwa sababu wajukuu walikuwa wanangoja, na tangu siku hiyo hakuula tena; fungu lake ndilo lililokuwa bakulini, ukingo wa ganda bado umeshikamana nalo.

Nilimwambia kuhusu kifyauongo. Ukikigusa kinafunga majani, na hakuna aliyewahi kukichinja kifyauongo. Alikubali. Alisema hata yeye alikifikiria kifyauongo, na ndiyo maana alikuja kwangu badala ya kwenda msikitini.

"Msikitini wataniuliza ni mnyama au ni mmea," alisema. "Nikiwaambia sijui, watasema kamwulize mkaguzi Mwasiti. Nimeona niwapunguzie maneno."

Fomu ilikuwa pale pale mezani, imekaa wiki nzima chini ya chupa ya ayodini. Sheria ya Viumbe Vipya inasema kila kilichotengenezwa na mkono wa mtu kiandikwe katika moja ya madaftari mawili, la Mimea au la Wanyama, na kabla ya kutimiza miaka ishirini kikaguliwe upya na kuthibitishwa. Mnofu ulikuwa unathibitishwa Ijumaa hiyo. Nilikuwa nimepanga kujaza ile fomu kabla ya chai. Baada ya hapo ulikuwa umebaki mwezi mmoja nistaafu, na binti yangu aliyeko Morogoro alikuwa ameshaniandalia chumba.

Nilimwomba Maalim anipe mpaka saa nne. Alitoka akaketi barazani.

*

Sikusoma chuo. Niliingia kituoni hapo nikiwa mfagizi, na mkaguzi wa wakati ule, mzee mpole aliyependa kuzungumza akiwa anafanya kazi, aliniruhusu kuchungulia. Baadaye nilipata kitabu cha sayansi cha shule ya msingi ambacho hakikuwa na jalada, nikakisoma chote, mara tatu. Kitabu kile kilikuwa na mazoezi mawili tu ya hadubini: seli za kitunguu, na seli za ndani ya shavu lako mwenyewe. Hapo ndipo nilipojifunzia. Mkaguzi alipofariki hapakuwa na mwingine aliyejua kutumia chombo, basi nikapewa funguo.

Nilianza na ganda, kama kawaida. Unakunja kipande mpaka kivunjike, unabandua utando mwembamba wa nje, unautandaza kwenye tone la maji juu ya slaidi, unaongeza tone la ayodini, unafunika kwa kioo chembamba, ukikishusha kwa mshazari ili usifungie mapovu. Kisha unageuza kioo cha chini mpaka jua la dirishani lipande juu kupitia slaidi.

Seli zilikuwa zimejipanga kama matofali. Kila moja ilikuwa na ukuta wake, na ndani ya ukuta, umeubana, kuna utando. Kiini kilikuwa kimesukumwa pembeni na kiwazi, ule mfuko mkubwa wa maji unaojaza karibu seli yote ya mmea. Chembe za kijani zilikuwa zimetawanyika kandokando, zikila mwanga. Kila kilichotakiwa kwenye fomu kilikuwepo. Ningeweza kuinua kalamu.

Nikachukua wembe nikakata katikati ya pande, mahali pekundu.

Pale hapakubanduka. Nilijaribu mara mbili, kikawa kinakatika vipande. Ikabidi nikwangue kidogo, nikisambaze kwa ncha ya sindano, nikitie rangi ya buluu badala ya ayodini. Nilipoinama kutazama nilifikiri slaidi ni chafu. Niliona vitu vya mviringo vimeegemeana bila pembe, kama ndimu ndani ya gunia. Kiini kilikuwa katikati, kimekolea rangi. Kulikuwa na ute, na kuzunguka ute huo kulikuwa na utando laini. Baada ya utando hapakuwa na kitu.

Niliosha slaidi. Nilirudia mara tatu, kila mara kwa kipande kingine. Halafu nikachukua kitunguu kwenye kikapu changu cha chakula cha mchana, nikakwangua ndani ya shavu langu kwa njiti, nikaziweka slaidi zote mstari mmoja nikazipitia moja moja, kushoto kwenda kulia na kurudi. Kitunguu kilifanana na ganda. Shavu langu lilifanana na kilicho chini ya ganda.

Kuna jaribio ambalo halihitaji rangi. Unadondosha maji matupu, yasiyo na chumvi yoyote. Seli hunywa maji. Ile ya mmea hunywa mpaka ukuta wake uikatalie, halafu hubaki imekaza, imesimama. Ndiyo sababu mchicha ulionyauka huchangamka ukiulowanisha. Ya mnyama haina kitu cha kuikatalia. Inakunywa, inavimba, inakunywa tena. Nilidondosha kwenye kitunguu na hakikutikisika. Nilijichoma kidole, nikadondosha maji kwenye tone la damu yangu, na seli zikatoweka moja baada ya nyingine kama mapovu ya sabuni. Nikadondosha kwenye mnofu.

Nilikaa nikizitazama zikipasuka mpaka zikaisha.

Hata hapo sikutaka kuamua. Seli isiyo na ukuta bado haijasema kitu. Inaweza kuwa haihisi chochote, kama kucha. Kwa hiyo nikakwangua tena, mara hii kwa urefu, kuanzia juu ya pande kuelekea upande uliokuwa wa shina, na katikati ya zile ndimu nikaona kitu kirefu. Kilikuwa na mwili mdogo wenye matawi na uzi mmoja mrefu unaotoka mwilini humo na kwenda zake, ukipita nje ya duara la mwanga. Nikasogeza slaidi kuufuata. Ulikutana na mwingine. Zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja, kwenye shina.

Seli za namna hiyo niliwahi kuziona mahali pamoja tu. Mkaguzi wa zamani aliacha kabatini slaidi ya uti wa mgongo wa mbuzi, ameandika jina kwa mkono wake. Niliitafuta, nikaipangusa, nikaiweka.

Zilikuwa zile zile, nyuzi za mishipa ya fahamu, na sikuwa na haja ya kuirudia.

Nikashusha Daftari la Mimea kutoka rafuni, nikafungua ukurasa wangu. Mchoro ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeuchora kwa penseli iliyochongwa vizuri, mishale yote imenyooka, majina hayajapandana, na nakumbuka nilivyojivunia siku ile. Chini yake, kwa mwandiko wangu wa wakati ule: *Sampuli: utando wa nje, umebanduliwa.*

Niliubandua kama kitunguu. Kitunguu ukibandua popote, kuanzia nje hadi ndani kabisa, utakuta kitunguu. Ndivyo nilivyojifunza, na nikadhani ndivyo vitu vyote vilivyo. Waliotutengenezea mnofu walikuwa mbali, na kampuni yao ilikwisha kufungwa. Huenda walijua. Barua yao ilisema ni zao jipya lenye lishe ya nyama. Sikuwauliza habari ya ndani kwa sababu nilifikiri nimeshaiona.

Nilitoka barazani nikamweleza Maalim yote, pamoja na habari ya ule mchoro. Hakushtuka. Aliuliza kama nina uhakika na zile nyuzi. Nikamwambia nina uhakika zipo, ila sijui zinahisi nini wala kiasi gani. Hakuna slaidi inayoonyesha hilo.

"Kipande kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kuniambia ni saa ngapi. "Nimekula mzoga miaka kumi na tisa, na nimewalisha wanangu." Kisha akaongeza, labda kwa ajili yangu: "Ya nyuma hatukujua, dada. Ya leo tunajua."

Akaondoka. Bakuli aliliacha. Nilichimba shimo nyuma ya kituo nikakifukia kile kipande, nikaliosha bakuli nikaliweka dirishani likauke.

*

Shamba la minofu liko ndani ya korongo kubwa, ambako udongo mwekundu umekatika kama kuta pande zote na jua halichomi sana. Minofu ilikuwa elfu moja na mia nne, imelala kwa mistari, kila mmoja kama gunia la mahindi lililolazwa, ganda lake la kijivu na kijani. Ubavuni kila mmoja una mlango: ganda limepasuliwa mara moja likiwa changa, na tangu hapo hufunuliwa kila wiki, linakatwa pande, kisha linafungwa kwa miiba mitatu ya mgunga. Baada ya siku saba nyama imerudi.

Sikitu, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa mstari wa nne na kisu chake nilipofika mchana ule. Ni dada wa marehemu mume wangu. Hakugeuka, alinijua kwa miguu.

"Wifi, umekuja kukagua au kula? Kama ni kula, mkaguzi hapangi foleni. Lakini unawe mikono."

Nilimwambia aendelee na kazi. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama.

Alichota maji ya mtungini kwa kikombe, yale ya baridi, akaumwagia mnofu taratibu kuanzia juu. Akaweka mkono. Akasubiri, akivumisha wimbo kwa pua, usio na maneno. Baada ya muda akachomoa miiba, akafunua ganda, akakata haraka, akafunga. Akasogea kwa unaofuata, akachota maji tena. Mstari wa pili wanawake wengine walikuwa wanafanya vivyo hivyo. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo mara nyingi sana. Sikuwahi kuitazama.

Nikamwuliza maji ni ya nini.

Alisema usipoumwagia, pande linakuwa gumu, hata ulichemshe mchana kutwa halilainiki. Nikauliza nani aliwafundisha. Hakuna, alisema, mtu unajua tu, mkono unajifunza. Ukiukurupukia unakaza. Kisha mkono wake ulisimama juu ya mnofu, na kikombe kikasimama hewani.

"Mbona unaniuliza leo?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa utaratibu, kwanza ganda, halafu cha ndani, halafu nyuzi, halafu kosa langu. Sikuacha kitu wala sikuongeza. Alisikiliza akiwa amenipa ubavu. Nilipomaliza aliweka kikombe chini kwa uangalifu kana kwamba kilikuwa kimejaa.

"Mimi seli sizijui, wifi," alisema. "Lakini mchicha siumwagii maji kabla ya kuuchuma."

Alikipangusa kisu kwenye upindo wa kanga.

"Nilikuwa najiambia Mwasiti ameangalia kwa mashine yake," akaendelea. "Mkono ukiniambia neno, naujibu hivyo. Mwasiti ameangalia."

Alikuja akaketi chini karibu na ndoo yangu, tukaanza kuhesabu, kwa sababu ndilo jambo tulilokuwa tunaliweza. Ukiandikwa kwa Wanyama, hakuna tena kukata mlangoni. Utachinjwa, mara moja, mzima, na haurudi. Mkurumo ina kaya mia nne. Mnofu mmoja mzima unatosha kaya arobaini kwa wiki, kama zikibana sana. Chini ya hapo ndipo tulipokuwa kabla ya minofu, na wote wawili tulikumbuka palikuwaje. Kwa hiyo ni kumi kila wiki. Elfu moja na mia nne itakwisha katika wiki mia moja na arobaini. Chipukizi likipandwa leo linakomaa baada ya wiki mia moja hamsini na sita.

Sikitu alikuwa amechora mistari ya hesabu mchangani kwa ncha ya kisu. Alizitazama zile wiki kumi na sita zilizobaki bila kitu.

"Karibu miezi minne," alisema. "Mtama tu. Unakumbuka miguu ya Tausi."

Tausi alikuwa bintiye. Miguu ilivimba, ngozi ikawa inang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Alikuwa na miaka mitatu. Minofu ya kwanza ilifika mwaka uliofuata.

Nikasema nakumbuka.

"Sikwambii uandike uongo," alisema. "Ukweli wako uandike. Ila usiuandike Ijumaa hii. Andika kwamba unahitaji kukagua zaidi, si wanaruhusu? Tupande machipukizi leo. Tukate kama tulivyozoea miezi minne, kwa maji, taratibu. Halafu andika. Pengo litakuwa limezibika, na hakuna mtoto atakayejua kulikuwa na pengo."

Ilikuwa kweli. Sheria inaruhusu nyongeza ya miezi sita, unajaza karatasi moja tu. Nilikuwa nimeifikiria njiani nikija, na nilikuwa nimetumaini kwamba yeye hataifikiria.

*

Jumatano sikufanya kazi nyingine. Niliyaweka madaftari yote mawili mezani. Lile la Wanyama ni jembamba, halifunguliwi mara nyingi, kurasa zake zilikuwa bado zinashikana.

Nilijaribu kuona kama kuna namna ya tatu. Hiki kiumbe nje kina ukuta na ndani hakina. Nje kinakula jua. Kimetia mizizi na hakiwezi kukimbia. Ungeweza kusema ni nusu kwa nusu, na ungekuwa hujadanganya kuhusu seli hata moja. Lakini madaftari ni mawili, na pia sikuwa naulizwa kuhusu ukuta. Nilikuwa naulizwa kuhusu zile nyuzi, na aliyeniuliza ni mkono wa Maalim, na mkono wa Sikitu kabla yake, miaka yote hiyo.

Niliwafikiria wenye njaa wa baadaye, ambao wengine hawajazaliwa. Niliufikiria mstari wa nne, unaofunuliwa kila wiki na kungoja. Vitu hivyo viwili sikuweza kuvipima kwenye mizani moja, na simlaumu anayeweza. Nilichoweza ni kurudia hesabu. Niliirudia mpaka jua likatoka dirishani, na mwishowe nikaona kitu ambacho tulikiruka tulipokuwa mchangani: wiki kumi na sita hazilazimiki kukaa mwishoni zote pamoja. Tukichinja tisa kila wiki badala ya kumi, minofu inafika kwenye machipukizi, pungufu ya siku chache. Ila mafungu ya kaya arobaini lazima yasiliwe, kila wiki, kwa miaka mitatu. Mtoto hawezi kuacha fungu lake. Mtu mzima anaweza, kwa muda mrefu kuliko anavyodhani.

Alhamisi nilikwenda kwa Sikitu nyumbani kwake. Alikuwa anapepeta mtama. Nilimwonyesha karatasi.

"Kwa hiyo unaandika kesho," alisema bila kuisoma.

"Nimeshauongezea miaka kumi na tisa, wifi. Siwezi kuuongezea miezi minne."

Aliendelea kupepeta. Aliuliza hao watu wazima wa kuacha mafungu ya kaya arobaini nitawatoa wapi. Nilimwambia sijui, nimeanza na mmoja. Akasema huyo mmoja anahamia Morogoro kula wali na samaki, kwa hiyo ni rahisi kwake kujihesabu. Nilistahili hilo. Nikamwambia siendi. Nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima shambani na kioo cha mkononi, nikizifuata nyuzi za mnofu mmoja uliokuwa umekufa kwa ukame. Zinakusanyika kwenye fundo, kubwa kama ngumi, chini ya udongo, mahali shina linapokutana na mzizi. Hapo ndipo pa kuchinja ili jambo liishe mara moja. Ila kila mnofu una fundo lake mahali pake, kushoto kidogo au kulia kidogo, na lazima mtu alitafute kabla ya kisu. Tisa kila wiki.

Nilipoaga Sikitu aliitikia, lakini kwa kichwa.

*

Ijumaa asubuhi nilijaza fomu. Kwenye nafasi ya sababu za kubadili daftari niliandika: *Kosa la mkaguzi. Sampuli ya kwanza ilichukuliwa nje tu.* Nikachora upya, ganda na cha ndani, mishale ikiwa na mtetemo kidogo kwa sababu ya umri. Nikaweka saini, nikafunga kituo, nikateremka korongoni na bakuli la Maalim.

Watu walikuwa wengi. Walikuwa wameshaambiwa. Baadhi hawakunitazama, mama mmoja alinitazama muda mrefu, mtoto mgongoni. Maalim alikuwa amenoa kisu. Nilipiga magoti kwenye mstari wa kwanza, nikaufukua udongo kwa vidole mpaka nikalifikia fundo, nikalionyesha. Alilitazama, akatazama anga, akatafuta upande wa kibla. Mnofu una mizizi, haugeuziki. Baada ya kufikiri alizunguka mwenyewe akakaa upande wa pili, ili walau yeye aelekee.

Akaweka kiganja cha kushoto. Uso wake ulibadilika kidogo.

"Unangoja," alisema.

Tukasikia watu wakisogea nyuma yetu. Sikitu alipita katikati yao akiwa na mtungi. Aliumwagia mnofu maji kuanzia juu, taratibu, kikombe kimoja, cha pili, akaweka mkono wake kando ya mkono wa Maalim, akaanza kuvumisha ule wimbo usio na maneno. Alichukua muda wake wote. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akamwitikia Maalim kwa kichwa, na Maalim akasema bismillah, Allahu akbar, akakata.

Sikitu hakuondoa mkono. Ulikaa pale juu ya ganda muda mrefu baada ya kisu.

"Umeacha kungoja," alisema.

Tulichinja tisa kabla ya adhuhuri. Niliyatafuta mafundo yote tisa, na mawili niliyapata kwa shida. Kwa kila mmoja Sikitu alimwaga maji, ingawa mtungi ulijazwa mara tatu na maji si mengi. Halafu alisimama mbele kugawa, na foleni ikajipanga kupanda korongo. Nilinawa mikono nikaenda kuketi juu ya ndoo yangu, pembeni, bakuli nimelipindua magotini. Maalim alifunga kisu kwenye kitambaa, akapita kando ya foleni bila kuingia wala kuniomba bakuli lake, akaelekea nyumbani.

Mgao ulikwisha alasiri. Nilimwona Sikitu akikung'uta beseni, akitazama kilichobaki humo, akimwita yule mama wa mtoto mgongoni na kumwongezea. Kisha akaja nilipokuwa. Alikuwa ameshika bakuli lake, na lilikuwa kavu. Aligeuza ndoo nyingine, akaketi kwa kujikaza kama watu wa umri wetu wanavyoketi, akanyoosha miguu.

"Mkaguzi hapangi foleni," alisema.

Alipindua bakuli lake magotini.

"Wala wifi yake."